Nyumba ya Kusikilizia Neno

Watu wa kijiji wakikutana kushauriana juu ya kujenga kanisa jipya, maswali yao ni yale yale. Litakuwa na urefu gani? Mnara utasimama upande gani? Tufyatue matofali wenyewe au tuyanunue? Mabati yatatoka wapi, na fedha ya saruji ataishika nani? Haya yote ni maswali mema wala hatuyadharau, maana nyumba haisimami kwa maneno. Lakini liko swali moja ambalo ni nadra kulisikia katika mashauri hayo, nalo ni hili: bibi kizee aketiye karibu na mlango atasikia nini? Twaona ajabu, kwa kuwa Mtume Paulo alipowaandikia Warumi aliweka sikio kuwa njia ya imani, na kila mwanafunzi wa ubatizo hufundishwa hivyo. Ingetupasa basi kuzipima nyumba zetu kwa sikio kabla ya kuzipima kwa jicho. Sivyo tufanyavyo. Twasifu kanisa kwa kuwa laonekana kutoka mlima wa pili, na huku waliomo ndani hawapati ila neno moja katika matatu.

Katika makala hii twataka kuziangalia nyumba chache mashuhuri za ulimwengu, au tuseme kuzisikiliza, tuone wajenzi wa kale walimjibu nini yule bibi wa mlangoni. Wengine walimjibu vizuri sana. Wengine, nao ni mafundi wakubwa, walimsahau.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Sauti huenda mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde moja. Mtu akinena chini ya mwembe, sauti yake hupita masikioni mwa watu mara moja ikaenda zake mashambani. Akinena ndani ya nyumba ya mawe, sauti hugonga ukuta, ikarudi, ikagonga sakafu, ikapanda paani, ikarudi tena, mpaka nguvu zake zimekwisha. Sauti moja irudiyo peke yake, kama mtoto aitapo bondeni akajibiwa, twaiita mwangwi. Lakini sauti nyingi zikirudi pamoja hata hazihesabiki, hizo ni mvumo. Mvumo si adui. Mwimbaji huupenda, maana humpa kifua asichokuwa nacho. Bali kwa msomaji na mhubiri ni taabu: silabi ya kwanza haijafa, ya pili imekwisha zaliwa, na ya tatu yaikanyaga ya pili. Basi nyumba ile ile yaweza kumfaa mwimbaji na kumharibia msomaji, na hapo ndipo shida yote ilipo.

Tuanze na Konstantinopoli, mji uitwao leo Istanbul. Kaisari Justiniano alijenga huko kanisa la Hagia Sophia, tangu mwaka 532 hata 537. Kuba lake kubwa lina upana wa mita 31 hivi, na kilele chake ki juu ya sakafu kwa mita 55 hivi. Kuta zimevikwa marumaru, nayo marumaru hainywi sauti, huirudisha yote. Mvumo wake hudumu zaidi ya sekunde 10. Yaani ukipiga kofi moja, waweza kuhesabu polepole mpaka kumi kabla halijatoweka. Katika miaka yetu hii wataalamu wa chuo kikuu cha Stanford huko Marekani walipasua maputo ndani ya jengo lile, wakazinasa sauti zilizotoka, wakapata kujua tabia yake. Kisha kundi la waimbaji liitwalo Cappella Romana likaimba nyimbo za kale za kanisa lile, huku mashine zikizivika sauti zao mvumo wa Hagia Sophia, na santuri yao ikatoka mwaka 2019.

Nyimbo zile zakufundisha mara moja kwamba mtunzi aliijua nyumba yake. Silabi moja huvutwa juu ya noti nyingi. Mwendo ni wa polepole. Sauti ya kwanza haigombani na ya pili, bali huitandikia kitanda. Twakiri kwamba kwa kuimba hapakujengwa nyumba iliyo bora kuliko ile. Lakini mahubiri? Yohana Krisostomo, mhubiri mkuu wa mji ule, alikuwa askofu huko tangu 398 hata 404, zaidi ya miaka mia kabla ya kuba hili, alipohubiri katika kanisa la kwanza lililosimama mahali pale. Nao wanahistoria wa zamani, Socrates na Sozomen, wamesimulia kwamba hakuketi mbali katika kiti chake cha askofu kama ilivyo desturi, bali aliketi katika jukwaa la wasomaji katikati ya watu, ili wamsikie. Huyu alikuwa na kinywa cha dhahabu, jina lake lamaanisha hivyo, lakini hakukitegemea kinywa peke yake. Aliondoka akawasogelea wasikiaji. Watu wengi wamemsifu Krisostomo kwa ufasaha. Sisi twamsifu pia kwa miguu yake.

Wako waliotafuta dawa mahali pengine. Mrumi Vitruvius, aliyeandika kabla ya Kristo vitabu kumi juu ya ujenzi, asema katika kitabu cha tano kwamba sauti huenea kama viwimbi vya maji ziwani jiwe likitupwa, ila yenyewe hupanda juu vilevile. Katika hilo alinena kweli. Tena akashauri vyombo vya shaba viwekwe chini ya viti vya maonyesho, vikipangwa kwa sauti zao, ili viitikie sauti ya mnenaji. Habari hiyo ilisafiri karne nyingi, na mafundi wa Ulaya wasiokuwa na shaba wakatia vyungu vya udongo ndani ya kuta za makanisa, mdomo wa chungu ukielekea ndani. Mwaka 1432 watawa wa Celestino katika mji wa Metz walifanya vivyo hivyo, kwa kuwa mkubwa wao aliviona kwingine, akasadiki kwamba nyimbo zitanoga. Mwandishi wa habari za nyumba ile aliandika kwa dhihaka: ukuta ulibomolewa, vyungu vikatiwa, lakini hakujua kama kuna aimbaye vizuri kuliko kwanza, na wageni waliovitazama walidhani vimewekwa kunasa wajinga. Elimu ya leo yamwunga mkono. Chungu huitikia sauti moja yake tu, nyembamba au nene kwa kadiri ya tumbo na shingo yake. Sauti nyingine zote huzipita mlangoni pake. Tumekitaja kisa hiki kwa makusudi, maana hata siku hizi wako wanaouza dawa za namna hiyo, zisizokuwa vyungu.

Mageuzi makubwa yalikuja na Matengenezo ya Kanisa huko Ujerumani. Ibada ikawa kwa lugha ya watu, na mahubiri yakawa marefu. Nyumba za zamani zilikuwa ndefu kama pango, na madhabahu yako mbali mwishoni. Tarehe 5 Oktoba 1544 Martin Luther mwenyewe alizindua kanisa dogo la ngome ya Torgau, ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza kujengwa jipya kwa ajili ya ibada ya Kiprotestanti. Mimbari haikuwekwa mwishoni. Imebandikwa katikati ya ukuta mrefu, na roshani zimezunguka ghorofa juu ya ghorofa. Kwa hiyo hakuna aliye mbali sana. Ukiitazama picha yake, hutaona fahari nyingi, na mtu aliyezoea minara atauliza ni nini cha kusifu. Sisi twasema hapo ndipo fundi alipokwenda kuketi mlangoni pamoja na bibi yetu kabla ya kuchora ramani.

Liko jambo jingine la ajabu katika historia hiyo. Makanisa ya zamani yaliyochukuliwa na Walutheri hayakubomolewa, bali yalijazwa mbao: roshani, viti, vizimba vya matajiri. Moja ni kanisa la Mtakatifu Thoma katika mji wa Leipzig, ambako Johann Sebastian Bach alikuwa mwalimu wa waimbaji tangu 1723 hata kufa kwake 1750. Mwingereza Hope Bagenal, mtaalamu wa sauti za majengo, alitoa hoja kwamba mbao zile, zilizotiwa ili watu wengi wakae na kusikia mahubiri, zilikunywa mvumo wa mawe, na kwa sababu hiyo Bach aliweza kuandika nyimbo za sauti nyingi ziendazo mbio, kila moja ikisikika. Bila mbao zingekuwa uji. Hoja hii yatupendeza mno. Maana ikiwa ni kweli, waliotengeneza nyumba kwa ajili ya neno walipata na wimbo juu yake, kama Sulemani alivyoomba hekima akaongezewa na mali.

Sasa twamfikia fundi aliyetusumbua sana tulipoiandika makala hii. London iliteketea kwa moto mwaka 1666, na Christopher Wren akapewa kazi ya kuyajenga tena makanisa ya mji, yapatayo 51, pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Hata mwaka 1711, akiwa mzee, aliwaandikia watu waliowekwa kusimamia ujenzi wa makanisa mapya. Barua hiyo ingefaa isomwe na kila kamati ya ujenzi. Asema kwamba kanisa la Kiprotestanti lisiwe kubwa kupita kiasi, bali wote waweze kusikia na kuona. Tena akatoa vipimo: sauti ya kadiri yaweza kusikiwa futi 50 mbele ya mhubiri, ndiyo mita 15 hivi, na futi 30 kila upande, na futi 20 nyuma yake. Hata hivyo, asema, ni sharti mhubiri atamke wazi, asiiangushe sauti mwishoni mwa sentensi, kosa alilowalaumu Waingereza wenzake kwalo. Hapana aliyewahi kusema jambo hili kwa akili zaidi.

Lakini mtu yule yule, tangu 1675, alikuwa akijenga Mtakatifu Paulo, nalo lilikamilika wakati ule ule wa barua. Kanisa lile ni tukufu. Kuba lake ni miongoni mwa makuba mazuri ya dunia, na ndani yake iko roshani ya mviringo ambamo mtu akinong'ona karibu na ukuta, mwenzake aliye upande wa pili, mita 30 na zaidi, humsikia. Mtaalamu Rayleigh akaonyesha baadaye kwamba mnong'ono hutambaa kando ya ukuta kama sisimizi. Ila chini sakafuni, ambako watu huketi, mvumo hupita sekunde 10 nyumba ikiwa tupu. Mnong'ono wasikika juu, na hotuba haisikiki chini! Mzee Wren hakukosa elimu. Alijua vipimo vya sauti kuliko wote wa zamani zake. Bali hapo kuba la kuonekana lilitangulizwa. Hapo twapata kipimo cha kumhukumia: yale makanisa madogo ya mitaa yalijengwa na Wren aliyeandika barua, na Mtakatifu Paulo lilijengwa na Wren aliyekuwa mtumishi wa jicho. Mpaka miaka ya 1950 ilipoanza ndipo mafundi Parkin na Taylor walipoweka huko vipaza sauti virefu vyembamba, vilivyoelekezwa kwa watu wala si kwa kuba, na kucheleweshwa kidogo ili sauti yao ifike pamoja na ya mhubiri. Ilichukua miaka 240 kulifanya kanisa lile litii barua ya mjenzi wake.

Twasema "kuelekezwa kwa watu", na neno hili litiwe alama. Mtu hudhani kwamba palipo mvumo dawa ni kuongeza nguvu. Ukiongeza nguvu ya sauti, mvumo nao waongezeka sawasawa, kama mtu azimaye moto wa nyasi kwa kupepea. Tumeingia katika makanisa ambamo vikuza sauti vimenunuliwa kwa changizo ya miaka miwili, na vimefungwa juu kabisa vikitazamana, na waumini wametoka nje kuketi chini ya mti, ambako, kwa bahati, walisikia vizuri.

Aliyetupatia hesabu ya jambo hili ni mwalimu wa chuo, Wallace Sabine wa Harvard. Mwaka 1895 aliagizwa kuponya ukumbi wa masomo ambamo wanafunzi hawakuweza kufahamu maneno. Usiku wa manane, mji ulipolala, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakaiweka kidogo kidogo, wakapiga filimbi ya kinanda, na kuhesabu sekunde mpaka sauti ipotee. Kabla hakujapambazuka wakairudisha mito mahali pake. Akatambua kwamba muda wa mvumo hutegemea mambo mawili tu: ukubwa wa nafasi ya ndani, na vitu vinywavyo sauti. Kipimo chake kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti ikitoka dirishani hairudi. Twaa ukubwa wa ndani kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.16, kisha gawanya kwa mita mraba za madirisha hayo ya hesabu. Kwa elimu hiyo Boston ilipata ukumbi wake wa muziki mwaka 1900, nao ungali ukisifiwa.

Hebu tuitumie kwa kanisa la kijiji. Tuseme lina urefu wa mita 20, upana 10, na kimo 5. Ndani mna mita za ujazo 1,000. Sakafu ni saruji, kuta zimepigwa lipu, juu ni mabati. Vitu hivi vyote pamoja na madirisha yenyewe tuvihesabu kama mita mraba 32. Mvumo utakuwa sekunde 5. Sasa waingie watu 200. Sabine aliona kwamba mtu mmoja pamoja na nguo zake hunywa sauti karibu kama nusu ya mita mraba ya dirisha, tuseme 0.4 tu. Wote pamoja ni 80, na jumla yawa 112. Mvumo washuka mpaka sekunde moja na nusu hivi, na mhubiri anasikika. Lakini jioni wakija watu 20 kwa sala, ni sekunde 4. Wale wachache waliojitahidi kuja ndio wasiosikia!

Sasa mwalimu wa kwaya ataelewa kwa nini wimbo wa mazoezi ya Jumamosi ulikuwa mtamu, na Jumapili umekuwa mkavu. Wala waimbaji hawakupungukiwa na bidii. Jumamosi nyumba ilikuwa tupu ikawasaidia; Jumapili watu wenyewe waliinywa sauti.

Twajua baadhi ya wasomaji watasema kwamba hizi ni habari za Ulaya. Lakini nyumba zetu za kwanza za sala hazikuwa na ugonjwa huu kamwe. Zilikuwa za miti na udongo, na paa la nyasi au makuti. Nyasi hunywa sauti, na mvua ikinyesha juu yake hainyimi mtu kusikia. Tulipozibomoa kwa sababu ya mchwa na moto, tulikuwa na haki. Bati ni jambo la maana, nani atalikataa? Ila tuliondoa nyasi pamoja na kazi mbili zilizokuwa zikifanywa na nyasi bila kusifiwa, wala hatukuweka mwingine wa kuzifanya. Kila mwalimu ajua jinsi mvua ya masika inavyofunga shule yenye bati bila amri ya mkaguzi.

Hata kwa mababa zetu wa misheni jambo hili lilikuwa na pande mbili. Huko Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa, jiwe la msingi la kanisa la Kristo liliwekwa siku ya Noeli mwaka 1873. Askofu Edward Steere, aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, ndiye aliyesimamia ujenzi, na paa lake ni tao refu la vipande vya matumbawe na saruji. Watu wengi hulistaajabia kwamba halikuanguka. Sisi twastaajabia pia kwamba mtu aliyechagua kila neno kwa sikio la Mswahili aliliweka chini ya jiwe gumu la mviringo, ambalo kwa hesabu ya Sabine hunywa sauti kidogo mno. Kwa zaburi ni nyumba ya heshima. Msomaji wa somo ndani yake hana budi kwenda polepole.

Na kwa lugha yetu hatari ni kubwa kuliko kwa Kiingereza. Kiswahili hutia mambo makubwa katika silabi ndogo, tena hizo hutangulia. "Wataingia" na "hawataingia" vyatengwa na "ha" peke yake, pumzi tu. "Nitakuja" na "sitakuja" vyatofautiana kwa herufi moja. Mkia wa neno lililotangulia ukingali ukivuma, "ha" humezwa, na ahadi hugeuka kuwa tisho, au tisho kuwa ahadi. Hatusemi kwa mzaha. Bibi wa mlangoni akirudi nyumbani na neno lililopoteza kichwa chake, hakuna kitabu nyumbani mwake cha kumsahihisha, maana hasomi. Alichosikia ndicho alichopewa.

Kwa hiyo twawashauri wanaojenga mwaka huu. Kabla ya kununua vikuza sauti, tengenezeni dari chini ya bati, ya matete au mikeka ya ukindu, ikining'inia mbali kidogo na bati, kwani nafasi ile ya hewa huongeza nguvu yake ya kunywa sauti, na mvua nayo hupunguzwa kelele. Ukuta wa nyuma, unaomtazama mhubiri, usipigwe lipu laini. Utundikwe mikeka au mapazia mazito. Mimbari iwekwe katikati ya ukuta mrefu kama Torgau, iwapo wazee watakubali. Watu wa sala ya jioni wakae mbele, karibu na msomaji. Kisha, kabla ya chokaa ya mwisho, mtu asimame mimbarini na karatasi yenye maneno ishirini, "watakula, hawatakula, nilimwona, sikumwona," ayachanganye na kuyasoma kwa sauti ya kadiri. Na wazee watatu waketi mlangoni, kila mmoja na mtoto wa shule wa kuandika asikiacho mzee. Wakikosa matano, fundi asilipwe kwanza.